Septimius Severus, kaisari aliyetoka Afrika: majengo yake na jina lililofutwa kwenye jiwe

Katikati ya muji wa Roma, kule Italia, kuna uwanja wa zamani ambako Warumi walikuwa wanafanyia siasa, biashara na ibada. Ndani ya uwanja huo lango moja kubwa la marumaru lingali limesimama. Urefu wake ni karibu mita 21, upana karibu mita 23, na lina milango mitatu. Lilizinduliwa mwaka 203 kwa heshima ya kaisari Septimius Severus na watoto wake wawili. Juu kabisa kuna maandishi makubwa ya kuwasifu.

Mutu akipita haraka, haoni kitu. Lakini ukiangalia muzuri musitari wa nne, unaona kwamba jiwe limekwanguliwa. Matundu ambamo herufi za shaba zilikuwa zimepigiliwa hayalingani na maneno yanayosomeka leo. Pale palikuwa jina la Geta, mutoto wa pili wa kaisari. Aliyeamuru lifutwe ni mukubwa wake, wa baba moja na mama moja.

Lango hilo lilijengwa ili watu wasisahau familia hii. Kumbe limetunza mpaka habari ambayo familia yenyewe ilitaka isahauliwe.

Mutoto wa Leptis

Severus alizaliwa mwaka 145 kule Leptis Magna, muji wa kando ya bahari ya Mediterania, katika nchi ambayo leo ni Libya. Utajiri wa fasi ile ulitoka kwenye mafuta ya zeituni na biashara ya bahari. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa Kipuniki, ni kusema wazao wa Wafoinike waliotoka upande wa Lebanoni na kuchanganyika na wenyeji wa Afrika ya Kaskazini. Upande wa mama ulikuwa na asili ya Italia.

Watu wanaulizaka mara nyingi: alikuwa mweusi? Kuna picha moja ya rangi iliyochorwa juu ya ubao wakati wa utawala wake, na leo inatunzwa Berlin, Ujerumani. Inamuonyesha na ngozi ya maji ya kunde na ndevu zenye mvi. Lakini tukumbuke kwamba wakati ule jina Afrika lilikuwa la jimbo moja tu la Kirumi, upande wa Tunisia na pwani ya Libya ya leo. Warumi walimuita Mwafrika juu ya jimbo alikozaliwa. Waandishi wa zamani wanasema alizeeka akiwa angali na matamshi ya kwao.

Alipataje kiti? Kwa silaha. Kaisari Commodus aliuawa siku ya mwisho ya mwaka 192. Pertinax aliyemufuata aliuawa na walinzi wa ikulu nyuma ya miezi mitatu hivi. Kisha walinzi hao wakauza utawala kwa mnada, sawa vile mutu anauza mali sokoni, na Didius Julianus akaununua. Severus alikuwa anaongoza jeshi kwenye mto Danube. Askari wake wakamutangaza kaisari, akateremuka mpaka Roma, na Julianus akauawa. Wakabaki wapinzani wawili: Pescennius Niger aliyeshindwa Mashariki mwaka 194, na Clodius Albinus aliyeshindwa karibu na Lyon, katika Ufaransa ya leo, mwaka 197.

Damu nyingi ilimwangika, na ilikuwa ya Warumi kwa Warumi. Bila kujua hilo, hauwezi kuelewa majengo yake.

Jiwe linafanya kazi ya kushuhudia

Kiongozi aliyepata kiti kwa bunduki, ao kwa upanga wakati ule, ana shida moja kubwa: kesho jenerali mwingine anaweza kufanya vile vile. Severus alihitaji watu waone kwamba kiti ni cha haki yake, na kwamba watoto wake njo watamurithi. Mwaka 195 alijitangaza kuwa mutoto wa Marcus Aurelius, kaisari aliyeheshimiwa sana, ambaye alikuwa amekufa tangu miaka 15. Mutoto wake mukubwa akapewa majina ya Marcus Aurelius. Sisi tunamujua zaidi kwa jina la utani, Caracalla.

Lango la Roma linasema mambo hayo hayo kwa picha. Juu yake kuna michoro mikubwa minne iliyochongwa, yenye kuonyesha vita kati ya Roma na Waparthi, katika inchi ya Irak ya leo: miji inazingirwa, askari wanapanga mistari, kaisari anawahutubia. Adui ni mugeni, na ushindi ni wa wote. Vita vya Warumi kwa Warumi, vile vilivyomupa kiti, havionekani hata kidogo. Maandishi yanasema alirudisha taifa katika hali yake na kupanua utawala wa Roma.

Mwaka huo huo wa 203 alizindua jengo lingine chini ya kilima cha Palatino. Lilikuwa ukuta mkubwa wa nguzo na maji, sawa uso wa ikulu bila ikulu nyuma yake. Liliwekwa fasi ambako barabara ya kutoka kusini, ile ya Appia, inafikia. Habari ya zamani ya maisha yake inasema alitaka watu wanaotoka Afrika walione mbele ya yote.

Alitengenezesha tena ramani ya muji mzima wa Roma, iliyochongwa kwenye mbao za marumaru na kubandikwa ukutani, karibu mita 18 kwa 13. Nyumba, maduka, mpaka ngazi zilikuwa zimechorwa. Leo imebaki karibu sehemu moja kati ya kumi, lakini vipande vile vinasaidia sana wataalamu kujua jinsi watu wa kawaida walivyokaa.

Kukumbuka kwao

Leptis Magna, muji wake wa kuzaliwa, ulipata zawadi kubwa. Ulisamehewa kodi fulani, kisha ukajengewa uwanja mupya wenye kuta ndefu, ukumbi mukubwa wa mahakama, barabara pana yenye nguzo kila upande na bandari iliyopanuliwa. Kwenye njia panda ya muji kukasimama lango lenye nyuso ine. Marumaru ililetwa kutoka Ugiriki na Uturuki ya leo, na nguzo za graniti nyekundu zilitoka Aswan, Misri. Kila jiwe lilikuja kwa mashua, kisha kwa mikono ya watu. Ukumbi wa mahakama ulimalizika mwaka 216, kaisari mwenyewe akiwa ameisha kufa.

Mafundi wa Leptis walichonga kwa namna ambayo haikuwa ya kawaida Roma. Katika michoro ya lango lile, kaisari na watoto wake wanasimama juu ya gari la farasi huku wakigeuza nyuso moja kwa moja kwa mutu anayewaangalia. Hawaangalii fasi wanakoenda, wanakuangalia wewe. Miaka iliyofuata, namna hiyo ikaenea katika sanaa ya makaisari, na hata katika picha takatifu za Wakristo wa Mashariki tunaona nyuso zilizogeuzwa vile vile.

Lakini uzuri huo wote ulikuwa na bei. Severus alipandisha mushahara wa askari, alipigana vita mbali, na alijenga pande mbili za bahari. Katika wakati wake kiasi cha feza ndani ya sarafu ya Kirumi, denari, kilishuka mpaka karibu nusu. Sarafu ilibaki na sura ya kaisari, lakini ndani ilikuwa imechanganywa na chuma cha bei ya chini. Pesa ikiharibiwa hivi, anayeumia ni mwenye kulipwa kwa sarafu na kununua chakula sokoni.

Ndugu wawili wanapeana mukono

Katika lango la Leptis kuna muchoro mumoja ambao leo unatunzwa kwenye makumbusho ya Tripoli. Severus anapeana mukono na Caracalla, Geta akisimama katikati yao. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mutu: familia hii ni kitu kimoja, musiwe na wasiwasi.

Severus alikufa tarehe 4 Februari 211 katika muji wa York, Uingereza. Mwandishi Cassius Dio, aliyekuwa seneta wakati ule, anaeleza kwamba kabla ya kufa aliwaomba watoto wapatane, watajirishe askari, na wasijali wengine wote. Walishika vizuri ile ya askari. Ile ya kupatana ilidumu miezi kumi hivi. Mwisho wa mwaka 211, watu wa Caracalla walimuua Geta akiwa mikononi mwa mama yao, Julia Domna, mwanamuke wa ukoo mukubwa wa Siria.

Kisha amri ikatoka: jina la Geta na sura yake viondolewe kila fasi. Pale Roma wakaliweka neno lingine la kumusifu baba na Caracalla. Kwenye ile picha ya ubao ya Berlin, yenye upana wa sentimita 30 hivi, baba, mama na Caracalla wangali wanaonekana, lakini uso wa Geta umefutwa kabisa. Umebaki mwili wa mutoto bila uso.

Kuna lango lingine dogo Roma, la mwaka 204. Hilo lilijengwa na wabadilishaji wa pesa na wafanyabiashara wa ngombe wa soko la pale, kwa pesa yao, ili wakubwa wawaone kama watu wazuri. Ndani yake Caracalla anatoa sadaka, na pembeni yake kuna fasi tupu. Kwanza waliondoa muke wake Plautilla na baba mukwe wake Plautianus, aliyekuwa mukubwa wa walinzi. Kisha Geta. Wafanyabiashara walilipa picha ya familia nzima, na ndani ya miaka michache familia ikawa matundu.

Caracalla mwenyewe aliuawa mwaka 217, na mwaka 235 ukoo wa Severus ulikuwa umeisha katika utawala.

Mawe yalikwenda wapi

Ule ukuta wa nguzo wa Palatino ulibomolewa karibu mwaka 1588 kwa amri ya Papa Sixtus V, na mawe yake yakatumika katika majengo mengine ya Roma. Huko Leptis, bandari ilijaa muchanga na muji ukafunikwa. Katika karne ya 17 nguzo nyingi zilipelekwa Ufaransa wakati wa mufalme Louis XIV. Katika karne ya 19 zingine zilipelekwa Uingereza, zikasimamishwa katika bustani ya kifalme karibu na Windsor, fasi ambako zingali mpaka leo. Leptis iliandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1982, na mwaka 2016, juu ya vita vya Libya, ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Umbo la lango lenyewe lilisafiri pia. Mwaka 1806 Napoléon aliamuru lango la ushindi lijengwe karibu na ikulu yake Paris, na wajenzi wakachukua mufano wa lile la Severus. Naye alikuwa amepata kiti kupitia jeshi.

Njo maana wataalamu wanaposoma munara hawaangalii tu kile kinachong'aa. Wanauliza nani alilipa, adui gani anaonyeshwa na yupi anafichwa, na kwa nini fasi fulani jiwe limeshuka kidogo kuliko pembeni. Caracalla alikuwa na askari, pesa na mafundi wa kutosha kufuta jina la mudogo wake katika utawala mzima. Ila patasi inaachaka alama, na kwa alama hizo, nyuma ya miaka zaidi ya 1800, jina la Geta linasomeka tena.