Mchezo wa kisahani na mbwa

Mchezo wa kisahani na mbwa ni mchezo ambamo mtu hurusha kisahani chepesi hewani, na mbwa hukikimbilia, hukidaka kwa mdomo kabla hakijagusa ardhi, kisha humrudishia mrushaji. Huchezwa kama burudani ya nyumbani na pia kama mashindano, hasa Marekani, Ulaya na Japani. Katika Afrika ya Mashariki, ambako mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi, uwindaji au kuchunga mifugo, mchezo huu haujaenea. Hata hivyo mahitaji yake ni machache: uwanja wa wazi, kisahani, na mbwa mwenye afya anayemwamini mwenyewe.

== Historia ==
Kisahani cha kurusha kilibuniwa na Mmarekani Walter Frederick Morrison, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 aliuza visahani vya bati vya kuokea keki kwa watu waliopenda kurushiana ufukweni California. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitengeneza vya plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ilianza kuviuza. Mwaka huohuo kampuni iliviita Frisbee, jina lililotokana na kiwanda cha mikate ya matunda cha Frisbie huko Connecticut, ambacho wanafunzi walirushiana sahani zake tupu.

Kuhusu mbwa, habari inayosimuliwa zaidi ni ya Agosti 1974. Kijana Alex Stein aliruka uzio wa uwanja wa Dodger Stadium mjini Los Angeles, katikati ya mechi ya besiboli iliyokuwa ikioneshwa kwenye televisheni nchi nzima, akiwa na mbwa wake Ashley Whippet. Kwa dakika kadhaa mbwa alikimbia na kuruka kudaka visahani huku mechi ikiwa imesimama na watazamaji wakishangilia. Stein alikamatwa, lakini mchezo ulikuwa umeshajulikana. Ashley Whippet alishinda mashindano ya kwanza ya dunia mwaka 1975, kisha 1976 na 1977. Alikufa mwaka 1985.

== Namna kisahani kinavyoruka ==
Kisahani hukaa hewani kwa sababu mbili. Umbo lake, lililovimba kidogo juu na wazi chini, hufanya hewa ikiinue kama bawa la ndege. Mzunguko wake huzuia kisipinduke, kama vile pia inavyosimama wima ikizunguka. Ndiyo maana kisahani kilichorushwa kwa nguvu nyingi bila kuzungushwa huyumba na kuanguka karibu. Nguvu ya mrusho hutoka kwenye kifundo cha mkono kinapofunguka ghafla, si kwenye bega.

Mtu anapaswa kujifunza kurusha peke yake kabla ya kumwita mbwa. Kosa la mrushaji hulipwa na mwili wa mbwa: kisahani kikipaa wima, mbwa huruka akiwa amejipinda na kutua kwa miguu ya nyuma pekee, jambo linaloumiza magoti na uti wa mgongo. Mrusho mzuri ni wa chini na ulionyooka, unaomtangulia mbwa kidogo ili adake akiwa anakimbia mbele na kutua kwa miguu yote minne.

== Vifaa ==
Visahani vya mbwa ni vyepesi na laini kuliko vya watu. Kisahani cha mchezo wa timu uitwao ultimate kina uzito wa gramu 175, na kikimpiga mbwa menoni chaweza kumjeruhi. Vya mbwa huwa na upana wa sentimita 23 hivi na uzito wa gramu 100 hivi. Kifuniko cha ndoo hakifai: plastiki yake ngumu hupasuka na kuacha ncha zinazochana fizi.

Pale ambapo kisahani cha dukani hakipatikani, kitu cha karibu kipo katika nyumba nyingi: ngata, yaani kata ya nguo anayowekea mtu ndoo kichwani. Ngata iliyosokotwa na kushonwa imara hubingirika vizuri, haiumizi meno, na mbwa huishika kwa urahisi. Hairuki mbali, lakini kwa wiki za mwanzo hilo ni faida.

Kifaa kilichoumwa na mbwa kisichanganywe na vitu vya kuchezea watoto, wala ngata ya mbwa isirudishwe kichwani. Pamoja na sababu za usafi, katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ni vema mwenye mbwa kulizingatia hili anapocheza karibu na majirani.

== Kumfundisha mbwa ==
Mbwa hazaliwi akijua kudaka. Kinachozaliwa naye ni hamu ya kufukuza kitu kinachokimbia, na mafunzo yote hujengwa juu ya hamu hiyo. Huanza kwa kumpa chakula ndani ya kisahani kilichogeuzwa, siku mbili tatu, ili akione kuwa kitu chema. Baadaye chakula huondolewa. Kisahani huburutwa chini, hufichwa nyuma ya mgongo, na hutolewa tena. Akikishika, husifiwa.

Hatua inayofuata ni kukibingirisha ardhini kama tairi. Hapa ndipo wengi huharakisha na kukosea. Mbwa anayerushiwa kisahani usoni siku ya kwanza hukiogopa, na woga huo huchukua muda mrefu kuondoka. Akizoea kufukuza kinachobingirika, hurushiwa mita mbili tatu tu, chini ya kimo cha mabega yake, na umbali huongezwa polepole.

Kurudisha ni kazi ngumu kuliko kudaka. Mbwa akishapata kitu, silika humwambia akimbie nacho, na mwenyewe akimfukuza, huo huwa mchezo mwingine kabisa, naye mbwa ndiye mshindi. Njia rahisi ni kuwa na visahani viwili: mbwa anaposhika cha kwanza, mtu hurudi kinyumenyume akimwonesha cha pili, na hakirushi mpaka cha kwanza kiachwe. Kumnyang'anya kwa nguvu humfundisha kung'ang'ania.

Fimbo haina nafasi katika mafunzo haya. Mnyama hurudia kile kilichomletea faida, na mfano uko Tanzania kwenyewe: mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa kutumia mlio mdogo unaofuatwa na kipande cha chakula. Kilichowezekana kwa panya chawezekana kwa mbwa wa kienyeji.

Mafunzo yawe ya dakika 5 hadi 10, na yakomeshwe mbwa akiwa bado anataka. Mbwa mwenye umri wa chini ya mwaka mmoja na nusu hivi asirushwe juu, kwa kuwa mifupa yake bado inakua, abingirishiwe tu. Asichezeshwe mara baada ya kula chakula kingi, kwani tumbo laweza kuvimba na kujipinda, hali inayoua kwa saa chache.

== Katika mazingira ya Singida ==
Mkiwa ni kata ya Wilaya ya Ikungi katika Mkoa wa Singida, pale barabara ya kutoka Mbeya kupitia Rungwa na Itigi inapokutana na barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida. Nchi ni kame kiasi, yenye msimu mmoja wa mvua. Viwanja vya wazi havikosekani, lakini vina masharti yake.

La kwanza ni joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza hasa kwa kuhema, na mwenye hamu ya kucheza hukimbia hadi azimie. Wakati unaofaa ni alfajiri au jioni. Ukiweka kiganja juu ya ardhi na kushindwa kuvumilia kwa sekunde tano, nyayo za mbwa nazo zitaungua. La pili ni miiba ya migunga: uwanja ukaguliwe kwanza, na nyayo zikaguliwe baada ya mchezo, pamoja na kupe masikioni na katikati ya vidole. La tatu ni barabara yenyewe. Mbwa anayetazama kisahani haoni lori, hivyo pasichezwe kando ya njia ya magari.

Mbwa wa kienyeji wa eneo hili ni mwepesi, mwenye miguu mirefu na manyoya mafupi, umbo linalofaa mchezo huu kuliko la mbwa wakubwa wazito wanaonunuliwa mijini kwa ulinzi.

== Chanjo na usalama wa wachezaji ==
Mchezo huu huweka vidole vya mtu karibu na meno ya mbwa, kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa ni sharti la kuanza. Karibu asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ugonjwa karibu daima huua. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3, na chanjo hurudiwa kama anavyoelekeza mtaalamu wa mifugo.

Watoto wasimrushie kisahani mbwa wasiyemjua, hata akionekana mpole. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupakwa majivu wala pilipili, kisha huenda siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya kupata chanjo. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana kwa usalama, hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10 badala ya kuuawa papo hapo, kwa kuwa mbwa aliye hai na mzima baada ya siku hizo hakuwa na uwezo wa kuambukiza alipouma.