Sumaku na Mishipa ya Fahamu

Likizo iliyopita nilimkuta mjomba wangu, aliyepatwa na kiharusi, amevaa bangili ya sumaku katika mkono wake uliopooza. Mchuuzi mmoja alimwambia ati itaamsha mishipa ya fahamu, naye kwa kuitegemea ameacha kwenda hospitali kufanya mazoezi. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia, nikasoma na vitabu alivyonipa.

Sumaku yaweza kweli kuamsha mishipa ya fahamu, lakini si sumaku iliyotulia. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku huzaa umeme katika waya pale tu nguvu yake ibadilikapo. Iache imelala kando ya waya, hupati kitu. Nayo mishipa yetu hupelekeana habari kwa umeme, yaani kwa chembe zenye umeme zipitazo katika utando wa seli.

Basi mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha humo umeme mkali kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Misuli ya mkono ikashtuka yenyewe, wala fuvu halikuguswa na kisu! Tangu mwaka 2008 njia hii imeruhusiwa Marekani kutibu baadhi ya wagonjwa wa sonona.

Je, zile sumaku kubwa za hospitali za kupigia picha za ndani ya mwili? Nyingi zina waya uliopozwa kwa heliamu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ambapo umeme hupita bila kizuizi chochote. Ajabu hiyo aliigundua Heike Kamerlingh Onnes huko Leiden mwaka 1911, akipima zebaki. Nguvu yake ni tesla 1.5 au 3, na mgonjwa hulala humo bila mkono kushtuka, kwa kuwa nguvu hiyo imetulia. Ukilazimisha umeme wa waya ule ubadilike upesi, waya hupata joto na kupoteza sifa yake. Ndiyo maana koili za kichwani ni za shaba ya kawaida. Ikiwa sumaku kubwa kama ile haiamshi mkono, bangili itauamshaje?

Nimemwandikia mjomba haya yote. Amejibu kwamba bangili haivui, kwani ameinunua kwa fedha nyingi, lakini Jumatatu atakwenda mazoezini.