Nilikwenda Kuuona Mto, Nikakuta Msikiti wa Mbao

Mtu akikutajia Poland, mawazo yako huenda kwenye theluji na makanisa. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo niliposhuka garimoshi mjini Białystok, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Belarus. Ulikuwa mwezi wa Agosti. Jua liliwaka hata nikajuta kubeba koti zito nililoazimwa na shemeji yangu, koti ambalo lilinitaabisha safari nzima na sikulivaa hata mara moja.

Nia yangu ilikuwa kuuona mto Narew. Mto huu huanzia Belarus, ukaingia Poland na kuendelea hadi kumwaga maji yake katika mto mkubwa wa Wisła, mwendo wa karibu kilomita 484. Ajabu yake iko kati ya mji mdogo wa Suraż na kijiji cha Rzędziany. Hapo mto haukubali kupita njia moja. Hugawanyika mikono mingi, mingine ikikutana tena mbele, mingine ikipotelea katika matete, hata mgeni hawezi kujua mto wenyewe ni upi. Wenyeji hupaita Amazon ya Poland, na tangu 1996 pamefanywa mbuga ya taifa.

Tuliingia majini kwa mtumbwi bapa wa mbao. Mzee aliyetuchukua hakuwa na kasia wala mashine. Alisimama tezini akipiga pondo, taratibu, vile vile wafanyavyo watu wa Lamu maji yanapokuwa haba. Nilipomwonyesha kwa ishara kwamba kwetu pia tunafanya hivyo, alinikabidhi pondo lake nijaribu. Wallahi nilitamani ningenyamaza, kwani nusura tupinduke sote. Maji yalikuwa meusi lakini safi, yungiyungi yametanda kila upande, na matete marefu kuliko mtu.

Katika kijiji cha Waniewo kuna njia ya mbao ivukayo bonde lote mpaka kijiji cha Śliwno, kama kilomita moja. Kila inapokutana na mkono wa mto, njia hukatika na hapo pana chelezo. Unapanda, unavuta mnyororo kwa mikono yako hadi ng'ambo, kisha unaendelea kwa miguu. Mama mmoja aliyekuwa na wanawe wawili alinicheka nilivyolowa viatu, halafu akaja kunisaidia kuvuta.

Juu ya mapaa na nguzo za umeme nilikuwa nikiona matundu makubwa ya vijiti, na ndani yake korongo weupe. Karibu na mji wa Tykocin kuna mahali paitwapo Pentowo ambapo matundu ni mengi hata tangu 2001 pana sifa ya kuwa kijiji cha korongo cha Ulaya. Nilipofika, ndege hao walikuwa wamejikusanya mashambani, tayari kuondoka. Safari yao hupitia Uturuki, Sinai na bonde la Nili, na wengi wao huja mpaka Afrika Mashariki na hata Afrika Kusini. Basi ndege uwaonao katika nyanda zetu mwezi wa Desemba yamkini alizaliwa juu ya paa la mkulima wa Narew.

Tykocin wenyewe ni mji mdogo mzuri, wenye uwanja mpana, kanisa kubwa na sanamu ya jemadari Stefan Czarniecki iliyosimama hapo tangu karne ya 18. Lakini kilichonishika ni sinagogi yao, iliyojengwa 1642. Kuta za ndani zimejaa maandishi, dua nzima nzima zimeandikwa kutoka chini mpaka juu, ili mtu asiye na kitabu aweze kufuata ibada. Mayahudi waliishi katika mji huo tangu 1522. Mwezi wa Agosti 1941 Wajerumani waliwakusanya uwanjani, wakawapeleka msitu wa Łopuchowo na kuwapiga risasi, wanaume, wanawake na watoto. Siku mbili zilitosha kuumaliza umma wa miaka mia nne. Leo jengo hilo ni makumbusho. Dua ziko ukutani na hakuna wa kuzisoma ila watalii kama mimi, ambao hatuzijui.

Nilitoka pale nikiwa mzito. Mwenyeji wangu, kijana wa Białystok ajuaye Kiingereza, akaniambia, "Kesho nitakupeleka kwa watu wako." Nikamuuliza watu wangu ni akina nani katika nchi hii. Akacheka tu.

WATATARI

Kesho yake tukaliacha bonde la Narew tukashika njia ya mashariki. Tulipita Supraśl, penye kanisa la Waorthodoksi lenye minara kama ngome. Lilijengwa mwanzo wa karne ya 16, Wajerumani wakalilipua 1944, na kazi ya kulijenga upya ilianza 1984. Hatukukaa sana. Baada ya misitu na mashamba tukafika Kruszyniany, na mbele yangu, chini ya miti, nikaona jengo la mbao lililopakwa rangi ya kijani. Lina minara miwili mbele, na kwa umbo ungedhani ni kanisa la kijijini. Lakini juu ya minara pana hilali.

Waislamu hawa ni Watatari. Wazee wao waliingia nchi za Lithuania na Poland tangu karne ya 14, wakawa askari wapanda farasi wa kutegemewa. Mwaka 1679 mfalme Jan Sobieski, akiwa hana fedha za kuwalipa mishahara yao, aliwapa ardhi badala yake, Kruszyniany ikiwa miongoni mwa vijiji hivyo. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 mpaka ulisogezwa, na misikiti mingi ya Watatari ikabaki upande wa Urusi ya Kisovieti. Ya zamani iliyobaki Poland ni miwili tu, huu na wa Bohoniki.

Tulivua viatu. Ndani ni mbao tupu zinazonukia, mazulia, mimbari ndogo, na kuta zimetundikwa aya za Kurani ndani ya fremu. Chumba cha wanawake kiko nyuma, kimetengwa na ukuta wenye nafasi ya kusikilizia. Nyuma ya msikiti, kilimani katikati ya miti, kuna makaburi. Mengine yana maandishi ya Kiarabu upande mmoja na Kipolandi au Kirusi upande wa pili. Mwaka 2014 wahuni walikuja usiku wakachora nguruwe ukutani mwa msikiti na kuyachafua makaburi. Ukuta ulisafishwa. Waliotuonyesha mahali hapo walilisema jambo hilo kwa maneno machache, wakapita.

Tulikaribishwa nyumba moja ya jirani. Bibi mwenye nyumba alituletea pierekaczewnik, chakula chao cha sherehe: unga uliosukumwa mwembamba kama karatasi, tabaka juu ya tabaka, nyama katikati, kisha ukaviringwa kama konokono na kuokwa. Mimi nimekula sambusa za Mombasa tangu utotoni, na bado nasema chakula kile si cha kukosa.

Mumewe, mzee wa miaka zaidi ya themanini, alinipa salamu kwa Kiarabu nikamwitikia, na hapo maneno yetu yakaishia. Akaenda chumbani akarudi na kitabu kidogo kilichochakaa, cha babu yake, kimeandikwa kwa mkono. Nikakifungua. Dua za Kiarabu nilizitambua. Lakini katikati yake mlikuwa na kurasa za herufi zile zile, zenye irabu zote, ambazo sikuzielewa hata neno. Kijana akanieleza kwamba Watatari waliisahau lugha yao ya asili zamani sana, wakawa wakisema lugha za majirani zao, na hizo wakaziandika kwa herufi za Kiarabu, wakiongeza alama kwa sauti ambazo Waarabu hawana. Ni mambo yale yale waliyoyafanya wazee wetu wa pwani walipoandika tenzi za Kiswahili.

Mzee alisema kitu kwa sauti ya chini. Kijana akafasiri: yeye dua amezihifadhi kwa moyo, lakini kurasa hizi hazijui. Baba yake alikuwa akizisoma. Wakati wake yeye shule ilikuwa ya Kipolandi na nyumba ilikuwa ya shida. Wajukuu wake wako mijini, na mmoja yuko ng'ambo.

Nikafanya jambo la kijinga kidogo. Nilisoma chuoni, herufi nazijua, basi nikaanza kuendelesha: herufi kwa herufi, irabu kwa irabu, kama mtoto wa darasa la kwanza la maalimu, bila kujua ninachosema. Mstari wa kwanza mzee alinitazama tu. Mstari wa pili akainua mkono. Akalirudia neno nililolisema, akalinyoosha matamshi yake. Likawa neno. Nikaendelea, naye akafuata, mimi nikitoa sauti na yeye akitoa maana, na bibi akaacha vyombo akaja kusimama mlangoni.

Palikuwa na alama mbili nisizozijua, nikaziruka. Mzee hakukubali. Aliweka kidole juu yake, tukajaribu sauti hii na ile mpaka neno likapatikana.

Ukurasa ulikuwa dua ya mgonjwa, na maelezo ya namna ya kuisoma. Tulipofika chini kijana alitazama saa, maana njia ya Białystok ni ndefu. Mzee akaufunua ukurasa uliofuata, akaniwekea mbele yangu.