Umeme Unaotuliza Maumivu

Wengi wetu tukisikia kwamba mgonjwa "atawekewa umeme" huingiwa na hofu. Lakini umeme huu si kama ule wa ukutani. Ni mdogo na hupimwa. Mgonjwa husikia mchonyoto tu, kama wa mguu uliokufa ganzi.

Aina ya kwanza huitwa TENS. Kifaa kidogo cha betri hupitisha umeme kwenye ngozi kwa vibandiko. Mwaka 1965 wataalamu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kama lango: hisia za mguso zikiwa nyingi, habari za maumivu huzuiwa. Ndiyo sababu mtoto akijigonga tunamsugua. Hata hivyo, umeme hutuliza maumivu tu. Hauponyi chanzo chake.

Aina ya pili hukaza misuli, kwa mfano ya paja iliyolegea baada ya operesheni ya goti, au ya mkono baada ya kiharusi. Mgonjwa naye ajitahidi kuikaza, kwani mashine haichukui nafasi ya mazoezi.

Tuwe waangalifu:

1. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiwekewe bila ruhusa ya daktari wake.

2. Vibandiko visiwekwe tumboni mwa mjamzito, mbele ya shingo, wala kwenye kidonda.

3. Tusijaribu kamwe kwa nyaya za ukutani. Umeme huo huua.

Maumivu yasiyoisha yachunguzwe kwanza hospitalini.