Kasi Uliyokwisha Kuilipia

Seva ikianza kulalamikiwa ofisini, barua ya kwanza huenda idara ya manunuzi: tunaomba mashine mpya. Mara nyingi barua hiyo imewahi mno. Mashine iliyopo ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kubana umeme na kufanya kila kazi kwa wastani, na tangu ifungwe kwenye raki hakuna aliyeingia kwenye BIOS yake ila kuweka nywila na kuchagua diski ya kuwakia. Kuna kasi mle ndani ambayo imeshalipiwa na haijawahi kutumika.

Tuchukue Dell PowerEdge R740, iliyoingia sokoni mwaka 2017 na ambayo bado iko kazini kwenye vyumba vingi vya seva. Ina soketi mbili za prosesa za Xeon Scalable na nafasi 24 za RAM, 12 kwa kila prosesa. Fungua kifuniko kabla hujagusa kibodi, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote huwa linaonekana kwa macho.

Kila prosesa ya kizazi hicho ina chaneli 6 za kuzungumza na RAM. Chaneli moja ya DDR4 inayokimbia kwa 2933 hupitisha takriban GB 23 kwa sekunde. Zote sita, takriban GB 140. Sasa mnunuzi anayetaka GB 128 huletewa vipande vinne vya GB 32, "ili nafasi zibaki za kuongezea baadaye". Vinne kwa prosesa mbili ni viwili kila upande. Chaneli nne kati ya sita zimekaa bure, na njia ya memori imeshuka hadi theluthi moja. Ni benki yenye madirisha sita na makarani wawili: foleni haipungui hata ukiwaleta makarani hodari kuliko wote nchini. Vipande 12 vya GB 16 vingempa GB 192 na chaneli zote zikiwa wazi. Ukiniuliza mimi, hoja ya kubakiza nafasi ni ya kiuhasibu tu. Huko "baadaye" wengi hawafiki.

Kibaya zaidi ni fundi kujaza upande mmoja tu. Kwenye ubao, nafasi za A1 hadi A12 ni za prosesa ya kwanza na za B1 hadi B12 ni za pili. Zile za kuanzia, A1 hadi A6 na B1 hadi B6, zina vibanio vyeupe. RAM yote ikikaa upande wa A, mashine inaweza kuwaka na jumla ya GB ikaonekana sawasawa. Lakini prosesa ya pili haina memori yake. Kila inachokihitaji inakiomba kwa jirani, kupitia kiungo kinachounganisha soketi hizo mbili.

Mpangilio huu, wa kila prosesa kuwa na memori yake ya karibu na kuomba ya mbali kwa jirani, ndio unaoitwa NUMA. Kwenye Linux, andika numactl --hardware. Mwishoni utaona jedwali dogo: 10 kwa memori ya karibu, na kwa mashine za Intel za soketi mbili, kwa kawaida 21 kwa ile ya mbali. Usizisome kama vipimo vya saa, maana 21 haimaanishi subira ya mara mbili na kitu. Ni namba ambazo BIOS huupa mfumo endeshi ili ujue kipi kiko karibu. La kuangalia ni ukubwa wa memori ulioandikwa kwa kila upande. Ukikuta sifuri mahali, zima mashine urudi kwenye kifuniko. Kama mashine iko mbali, dmidecode -t memory itakuorodheshea kila nafasi, iliyojaa na iliyo tupu, pamoja na kasi ambayo kila kipande kinakimbia kwa kweli, ambayo si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye lebo yake.

Hesabu hiyohiyo huwafuata wenye seva pepe. Prosesa ikiwa na viini 16, seva pepe ya viini 16 inakaa nyumba moja. Ukiipa 20 kwa ukarimu, imegawanyika soketi mbili, na kuna kazi zitakazokwenda polepole kuliko mwanzo.

Umeme sasa. Dell huja na wasifu wa "Performance Per Watt", HPE ProLiant za Gen10 huja na "General Power Efficient Compute", Windows Server na VMware ESXi nazo huanzia "Balanced". Zote zinaruhusu kiini kisicho na kazi kulala. Usingizi mzito wa C6, kwenye prosesa za R740, huchukua zaidi ya mikrosekunde 100 kuamka. Kwa seva ya mafaili hilo si kitu. Kwa kanzidata inayojibu maelfu ya maswali mafupi, kila swali likikuta kiini kimelala, subira inajilimbikiza huku grafu ikionyesha prosesa imetumika asilimia 15, na msimamizi anaapa mashine haina kosa.

Dawa inayojulikana ni kuchagua "Performance", na kwa kanzidata ninaikubali. Ila haifai kila mahali. Viini vinavyolala huwaachia wenzao umeme na ubaridi, na hapo ndipo viini vichache vyenye kazi hupata nafasi ya kupanda juu kabisa kwa Turbo. Ukivizuia vyote kulala, programu kongwe inayotumia kiini kimoja tu inaweza kupungua kasi, na feni, UPS na bili ya umeme vyote vikapanda.

Halafu kuna diski. Kwenye RAID 5, andiko moja dogo huzaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti yake, kisha kuandika vyote viwili upya. Kache ya kadi ya RAID ndiyo inayoficha uzito huo, kwa kupokea andiko na kujibu "tayari" kabla diski haijamaliza. Hali hiyo huitwa "Write Back", na inategemea betri ya kadi. Betri ikichoka, kadi huhamia yenyewe "Write Through", ambako jibu husubiri diski. Hakuna kinachozimika, mfumo unakuwa mzito tu tangu Jumatatu fulani. Wapo wanaolazimisha "Write Back" bila betri ili kasi irudi. Umeme ukikatika hapo, maandiko yaliyokwisha kuthibitishwa yanapotea, na miamala ya wateja humo humo. Nunua betri.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na upime kwa kazi yenyewe, kama ile ripoti ya mwisho wa mwezi inayolalamikiwa, si kwa programu ya majaribio iliyopakuliwa leo. Kisha ingia iDRAC, kidhibiti cha mbali cha seva za Dell, toa nakala ya mipangilio yote kama faili, na uihifadhi nje ya seva hiyo. Ubao mkuu ukibadilishwa, BIOS ya ubao mpya inaweza kuja na mipangilio ya kiwandani, na fundi aliyeleta ubao hana habari ulikuwa umeweka nini.