Kufungua Mabano au Kubadili Herufi: Lugha ya Kufafanulia Integrali katika Shule za Sekondari za Kigali

Utangulizi

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Tangu hapo mwanafunzi wa sekondari jijini Kigali, ambaye aghalabu huzungumza Kinyarwanda nyumbani, hujifunza kalkulasi kwa lugha nyingine. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Je, Kiswahili kinaweza kufafanua hisabati ya kiwango hicho? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kutumia integrali, na yanadai kwamba orodha ya istilahi pekee haitoshi: panahitajika sentensi zinazoeleza sababu ya kila hatua.

Njia mbili

Chukua ∫x(x² + 1)dx. Njia ya kwanza ni kufungua mabano, yaani upanuzi. Tunapata ∫(x³ + x)dx, na jibu ni x⁴/4 + x²/2 + C.

Njia ya pili ni ubadilishaji. Kilichomo ndani ya mabano kinaitwa u, yaani u = x² + 1. Hapo du = 2x dx, kwa hiyo x dx ni nusu ya du. Swali linakuwa ½∫u du, na jibu ni (x² + 1)²/4 + C.

Majibu haya hayafanani kwa sura. Hata hivyo, jibu la pili likifunguliwa huwa x⁴/4 + x²/2 + ¼ + C. Tofauti ni robo tu, nayo humezwa na C, ambayo husimama badala ya namba yoyote isiyobadilika. Mwanafunzi asiyeelezwa jambo hili anaweza kufuta jibu sahihi kwa kuwa halilingani na la mwenzake. Kipimo ni chepesi: toa jibu moja katika jingine, ikibaki namba tupu isiyo na x, basi jibu moja likiwa sahihi, la pili nalo ni sahihi.

Kuchagua njia

Katika ∫x(x² + 1)⁷dx, upanuzi huzaa vijisehemu vinane, ilhali ubadilishaji hutoa (x² + 1)⁸/16 + C kwa hatua chache. Lakini katika ∫(x² + 1)²dx hakuna x ya kuandamana na dx, hivyo ubadilishaji ule hukwama. Upanuzi hutoa x⁵/5 + 2x³/3 + x + C.

Hitimisho

Neno “ubadilishaji” likisimama peke yake humfanya mwanafunzi abadilishe mabano na kuisahau dx. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba kila istilahi ya hisabati inayosanifiwa iambatane na mfano uliofanyiwa kazi hadi mwisho, pamoja na maelezo ya lini njia hiyo haifai. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa kuyatumia.