Simu ya bei nafuu mkononi mwa mgonjwa: yanayowezekana na yasiyowezekana Itigi

Itigi ni mji wa reli. Reli ya Kati, iliyojengwa enzi za utawala wa Wajerumani na kufika Tabora mwaka 1912, ndiyo iliyoupa mji huu umbo lake. Kutoka hapo barabara inaelekea kusini kupitia Mitundu, Mwamagembe na Rungwa hadi Chunya mkoani Mbeya, ikikata nchi ya vichaka vizito ambavyo wataalamu wa mimea duniani huviita kwa jina la mji wenyewe. Wakazi wa nchi hiyo hulima alizeti, hufuga ng'ombe na kutundika mizinga ya nyuki. Anapougua mmoja wao kiasi cha kuishinda zahanati ya kijiji, safari yake huishia mara nyingi katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, iliyopo Itigi.

Safari hiyo ni ndefu na ina gharama. Kwa hiyo mgonjwa hutaka kujua mapema: Je, kliniki ya shinikizo la damu ni siku gani? Dawa zipo? Majibu ya vipimo yametoka? Zamani maswali hayo yalijibiwa kwa kufunga safari. Leo yanaweza kujibiwa kwa simu, na simu yenyewe, kwa wengi, ni simu janja ya bei nafuu inayotumia mfumo wa Android. Makala haya yanaeleza namna kifaa hicho kinavyoweza kumsaidia mgonjwa na mhudumu wa afya, na pale kinapoweza kuwaponza.

Kifaa chenyewe

Simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni mwaka 2008. Mwaka 2017 kampuni ya Google ilitangaza toleo jepesi la mfumo huo kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ya kufanyia kazi isiyozidi gigabaiti 1. Simu za namna hiyo, na nyingine zilizozidi kidogo tu, ndizo zinazojaa katika maduka ya miji midogo ya Tanzania. Majina kama Itel na Tecno, yote ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen nchini China, yamekuwa ya kawaida kama majina ya sabuni.

Anayeitumia simu hiyo anazijua tabia zake. Baada ya miezi michache huandika kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa, kwa sababu picha na video za makundi ya WhatsApp zimejiweka humo zenyewe. Ikifunguliwa programu ya tatu, ile ya kwanza hujifunga. Chaji haifiki jioni, na nyumba isiyo na umeme huipeleka simu kwenye kibanda cha kuchajia, ikashinda huko siku nzima. Kifurushi cha intaneti huisha kabla ya wiki.

Kwa mfanyabiashara wa asali haya ni usumbufu. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, anayetakiwa kumeza dawa kila siku kwa miezi isiyopungua sita, au kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, usumbufu huohuo unaweza kuwa dozi iliyokosekana. Dozi zikikosekana mara kwa mara, vimelea hupata nafasi ya kujenga usugu, na dawa iliyokuwa ikiponya huacha kufanya kazi.

Saa mbili ya nani?

Mgonjwa huambiwa dirishani pa dawa: "Meza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku." Maelezo hayo ni sahihi kwa kila Mswahili. Lakini simu haihesabu saa kuanzia alfajiri. Mgonjwa anayeandika 2:00 katika kengele ya simu ataamshwa saa 8 usiku, na kengele ya pili itamlilia saa 8 mchana, akiwa shambani au njiani na mifugo. Siku mbili za kuamshwa usiku wa manane zinatosha kumfanya aizime kengele hiyo moja kwa moja. Atakaporudi kliniki ataandikiwa kwamba hafuati maelekezo.

Tatizo hili huondolewa kwa dakika moja. Mtoa dawa aiombe simu ya mgonjwa kwa ridhaa yake, aiweke katika mtindo wa saa 24, kisha waandike pamoja 08:00 na 20:00. Amwoneshe namna ya kuifanya kengele ijirudie kila siku, kisha mgonjwa mwenyewe arudie kwa mkono wake.

Yapo mambo mengine matatu ya kukumbuka. Kwanza, ni vyema kutumia kengele iliyomo ndani ya saa ya simu, si programu ya kukumbusha dawa iliyopakuliwa. Simu nyingi za bei nafuu huzifunga programu zinazojiendesha chinichini ili kuokoa chaji, na kikumbusho kilichofungwa hakiwezi kulia. Pili, simu nyingi zikizimika hazilii kengele. Kwa hiyo siku ambayo simu imelala kibandani, mgonjwa ahitaji kikumbusho kingine: kumeza dawa pamoja na tendo lisilosahaulika, kama chai ya asubuhi au chakula cha jioni, au kukumbushwa na mwanafamilia anayemwamini. Tatu, betri ikiisha kabisa, baadhi ya simu huwaka na saa isiyo sahihi hadi zipate mtandao. Ni busara kuitazama saa kila simu inapowashwa upya.

Kipimo kisichopima

Katika hifadhi za programu zipo nyingi zinazodai kwamba mtu akiweka kidole juu ya kamera atajua shinikizo lake la damu. Ukweli ni huu: kamera inaweza kuona mabadiliko madogo ya rangi ya kidole kila moyo unapopiga, hivyo inaweza kukadiria idadi ya mapigo. Shinikizo la damu ni jambo jingine. Hupimwa kwa mkanda unaobana mkono, na simu ya kawaida haina mkanda huo.

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuijaribu programu moja ya aina hiyo iliyokuwa imeuzwa kwa watu wengi. Kati ya watu waliokuwa na shinikizo la juu, karibu wanne katika kila watano waliambiwa na programu kwamba hawana. Nayo ilikuwa ikitumika katika iPhone, simu ya bei kubwa. Ubora wa simu, basi, hauwezi kuigeuza kamera kuwa mashine ya kupima shinikizo. Mgonjwa aliyesoma 120 kwa 80 katika kioo cha simu akaacha dawa zake anaweza kufikishwa hospitalini na kiharusi. Mhudumu wa afya asione haya kumwuliza mgonjwa: "Umepima kwa nini?"

Pamoja na hayo, kamera ileile ina manufaa ya kweli. Picha ya kadi ya kliniki huokoa taarifa pale kadi yenyewe inapolowa au kupotea. Picha ya boksi la dawa humsaidia daktari kujua jina na kipimo cha dawa ambayo mgonjwa anaikumbuka tu kama "kile kidonge cheupe." Picha hizo zisichanganywe na za harusi, ziwekwe katika albamu yake, ili siku ya kusafisha simu iliyojaa zisifutwe pamoja na nyingine. Aidha, ndani ya WhatsApp mtumiaji anaweza kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Akifanya hivyo, nafasi na kifurushi vyote hudumu zaidi.

Mzee anayeshindwa kusoma herufi ndogo aoneshwe namna ya kuzikuza katika mipangilio, na namna ya kuibadili lugha ya simu kuwa Kiswahili. Tangu mwaka 2017 Google imewezesha kuandika kwa kusema kwa Kiswahili, njia inayomfaa mtu ambaye vidole vyake vinatetemeka au macho yake yamechoka.

Siri ya mgonjwa

Mganga wa zahanati anapokutana na kidonda asichokielewa, ni kawaida siku hizi kumpigia picha mgonjwa na kumtumia daktari wa hospitali kubwa. Ushauri hurudi baada ya dakika chache, na pengine mgonjwa huepushwa safari ya bure. Hili ni jema, lakini lina masharti yake.

Picha iliyotumwa katika kundi la WhatsApp hujihifadhi katika simu za wanakundi wote. Katika simu ya bei nafuu isiyo na nywila, inayoazimwa na watoto kuchezea michezo na kuachwa kibandani kuchajiwa, picha hiyo haina ulinzi wowote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini hata kabla ya sheria hiyo, kiapo cha taaluma kilikwisha kusema.

Kwa hiyo mhudumu aombe ridhaa kwanza. Apige sehemu inayohusika tu, si uso. Asiandike jina. Amtumie daktari mmoja anayehusika badala ya kundi, na aifute picha baada ya kupata ushauri. Simu iwe na nywila. Na kwa kuwa simu hiyohiyo huingia wodini na kutoka, ikishikwa na mikono iliyomgusa mgonjwa, ifutwe mara kwa mara kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya asilimia 70, ikiwa imezimwa.

Upande wa mgonjwa nako kuna jambo. Ujumbe unaoandikwa "Usisahau dawa zako za VVU" unaweza kusomwa na mume, mkwe au mwenye kibanda. Vituo vinavyotuma vikumbusho vitumie maneno yasiyotaja ugonjwa.

Aliyeko upande wa pili

Tafiti za Afrika Mashariki zimetufundisha kwamba simu huleta matokeo pale inapomfikisha mgonjwa kwa mtu anayejibu. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010 uliwahusisha watu wazima 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nusu yao walitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wenye neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida." Aliyesema shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, na asilimia 50 katika kundi lisilotumiwa ujumbe. Ujumbe wenyewe haukutaja dawa wala ugonjwa, na ulipokelewa na simu ya aina yoyote.

Unguja, utafiti uliofanyika katika vituo 24 na kuwahusisha wanawake wajawazito 2,550 ulitumia ujumbe mfupi pamoja na vocha ya kumwezesha mama kumpigia mhudumu. Waliojifungua mikononi mwa wataalamu walikuwa asilimia 60, dhidi ya asilimia 47 ya wenzao. Hata hivyo, manufaa hayo yalionekana kwa wakazi wa mjini, si kwa wa vijijini. Kwa watu wa Mwamagembe au Rungwa somo hilo ni zito: simu inaweza kumwambia mama wakati wa kwenda hospitali, lakini haiwezi kumbeba.

Ndiyo maana mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kwa ngazi ya taifa mwaka 2022, unaunganisha simu na gari. Mjamzito, mzazi au jirani hupiga 115 bila malipo, na wahusika huita gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandaliwa. Namba hiyo haihitaji kifurushi wala simu janja. Dalili za kuipigia zisisubiri asubuhi: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, degedege, mtoto kuacha kucheza tumboni, au chupa kupasuka kabla ya wakati. Kwa sababu hiyo nyumba yenye mjamzito iwe na desturi moja: simu isilale bila chaji. Muziki na video zikome mapema, ili usiku kibaki kiasi cha kupiga simu.

Wapo pia wanaodhani kwamba manufaa ya simu ni ya mgonjwa peke yake. Kati ya mwaka 2009 na 2010, katika wilaya tatu za Tanzania, vituo 129 vilituma kila wiki ujumbe mfupi kueleza dawa za malaria zilizobaki. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau dawa moja. Kufikia wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Ujumbe ulifika kwa mtu mwenye uwezo wa kupeleka dawa, naye akazipeleka.

Hili ndilo la kuzingatiwa na kila kituo kinachomwambia mgonjwa, "Ukipata tatizo tupigie." Namba iliyotolewa iwe ya kituo, si ya mhudumu anayeweza kuhamishwa kesho. Iandikwe juu ya kadi kwa kalamu, kwa kuwa simu huibwa na hufa. Na awepo mtu aliyepewa jukumu la kuipokea, kwa zamu inayojulikana. Mgonjwa aliyepiga mara tatu bila kujibiwa hatapiga mara ya nne. Atakwenda kwa mwingine, na pengine huyo mwingine ni muuza dawa asizozijua.